Watoto wetu washike aparei: ombi la delege moja wa sendika

Baba yangu alifanya kazi miaka 27 ku kampuni moja ya hapa kwetu, na katika miaka yote ile kampuni ilimupiga picha mara moja. Ni ile picha ndogo ya karte ya kazi: uso, mabega, na namba ya matrikile chini ya kidevu. Siku alipotoka ku kazi, ofisi ilimuomba arudishe kila kitu: kofia ngumu, buti, taa ya kichwa, karte. Akarudisha, akatia mukono, akarudi nyumbani na miguu. Kisha miaka mbili akafariki. Mu nyumba hatukukuwa na picha ingine yake.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho, ambaye hakumukuta nkambo wake, aliniuliza: "Papa, nkambo alikuwaka na sura gani?" Nikaanza kumuelezea. Alikuwa mufupi, mabega mapana, kovu hapa juu ya jicho ya kushoto, na akicheka alikuwa anafunika kinywa. Mutoto akanisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kucheza.

Tangu siku ile nimeanza jambo moja ambalo wenzangu wa sendika wamelicheka mbele yangu na nyuma yangu. Kila siku ya posho, ku sale yetu ya mikutano, tunafundisha watoto wa wafanyakazi na wa wachimbaji kupiga picha. Si picha ya simu. Picha ya zamani, ya pelikile na ya karatasi, ya giza na dawa na maji. Leo ninaandika juu ninataka jambo hili liingie mu maombi yetu, pamoja na mushahara na hospitali. Najua wengine watakasirika. Wasome kwanza.

Simu, ndiyo, kila mutu iko nayo. Mimi niko ku simu yangu ya tano. Ya pili iliibiwa ku soko, ya tatu ilianguka mu ndoo ya maji na picha zote za kuzaliwa kwa mutoto wangu wa katikati. Ulizeni mama yeyote wa mukini wetu kama iko na picha za miaka kumi iliyopita: atakuambia zilikuwa mu simu ile iliyokufa. Muzee anayetusaidia, yeye alikuwa na studio karibu na soko tangu wakati wa Zaire. Labo za rangi zilipofungwa akafunga na yeye. Lakini chini ya kitanda chake iko na makarton ya negatifu, kila moja mu karatasi yake, na jina na tarehe kwa kalamu. Siku moja alitoa negatifu ya ndoa ya mwaka 1984, akaiweka juu ya karatasi mupya, akawasha taa kwa sekunde moja, akatia karatasi mu dawa. Bibi-arusi akatoka, na gwanda za mikono, na watu nyuma yake. Watoto walipiga kelele sawa timu imefunga goli. Hakuna nywila, hakuna chaja, hakuna megabaiti.

Sasa nieleze namna tunafanya, juu watu wengi wanafikiri ni mambo ya watajiri.

Hatukuanza na aparei. Tulianza na kopo ya maziwa ya unga, ile kubwa ya bati. Ndani tunaipaka rangi nyeusi, au masizi ya sufuria kama rangi hakuna. Ku ubavu tunakata dirisha ndogo, tunaifunika na kipande cha bati nyembamba ya kopo ya soda, na ile bati tunaitoboa na ncha ya sindano. Kitundu kiwe kidogo na kisafi. Kikiwa kikubwa, picha inakuwa ukungu. Juu ya kitundu tunabandika skochi nyeusi, njo mulango. Mu giza mutoto anaweka karatasi ya foto ndani, anafunga kifuniko, anatoka inje na kopo chini ya kwapa. Anaiweka juu ya tofali ili isitikisike, anatoa skochi, anahesabu. Jua likiwa kali, nusu dakika inaweza kutosha. Mawingu yakija, dakika mbili au zaidi. Anafunga, anarudi mu giza.

Giza hiyo ni stoo ya zamani ya sale yetu, dirisha imezibwa na blanketi. Ndani tunawasha torshi iliyofungwa na plastiki nyekundu, juu karatasi ile haioni nyekundu. (Pelikile yenyewe inaona nyekundu, njo maana ya pelikile tunafanya mu giza kabisa, kwa vidole.) Kuna mabeseni tatu. Ya kwanza ni dawa ya kutokeza picha. Ya pili ni maji na siki kidogo, kusimamisha ile dawa. Ya tatu ni dawa ya kukaza, ili picha isiharibike ikiona mwangaza. Kisha maji safi, kisha kamba ya nguo na vibanio. Umeme ikikatika mu mukini, watu wote wanalalamika. Sisi mu stoo hatujui hata kama imekatika.

Ile mara ya kwanza mutoto anaona karatasi nyeupe ikianza kuwa na kitu, mimi siwezi kuieleza vizuri. Kijana mmoja wa miaka 11, baba yake ni mushoferi wa lori ya mugodi, alipiga nyumba yao. Mu beseni ikatoka nyumba ya kinyume: mbingu nyeusi, ukuta mweupe, na mulango wazi ambao mu jua ulikuwa giza sasa unawaka sawa taa. Akaniuliza: "Delege, juu ya nini imegeuka?" Sikuwa na jibu. Muzee akaitikia: pale mwangaza imegonga sana, karatasi inakuwa nyeusi, pale haikugonga, inabaki nyeupe. Kisha tukaweka ile picha juu ya karatasi ingine, uso kwa uso, kioo juu yake, mwangaza sekunde moja, na nyumba ikarudi vile iko. Ni mara ngapi mu masomo yetu sisi wakubwa tulijifunza kemia kwa kukariri ubao tu, bila kushika kitu? Mimi nilimaliza sekondari hivyo.

Na kemia yenyewe ni ya kwetu, ndugu wafanyakazi. Ile inayoona mwangaza ku pelikile na ku karatasi ni chumvi ya feza. Si feza ya kununulia unga, ni feza ya madini, ile ya pete. Imefungwa mu gelatini, ambayo inatoka ku mifupa na ngozi ya ngombe. Dawa ya kukaza inayeyusha chumvi ya feza ile haikuguswa na mwangaza, kwa hiyo dawa iliyotumika iko na madini ndani. Hatuimwangi mu bustani. Tunaikusanya mu bidon, na siku moja mwenzetu mmoja wa izini ya shaba aliingia, akauliza, akacheka, akaleta sufu ya chuma, ile ya kusugulia sufuria. Akaitia mu dawa ya zamani. Feza ikaanza kuacha maji na kushika ku chuma, tope nyeusi. "Ni sawa tunafanya na shaba," aliambia watoto. "Maji ya shaba, unatia vyuma vya kutupa, shaba inatoka." Mutoto wake alikuwa pale. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza mutoto yule anaelewa baba yake anafanya nini mchana kutwa.

Muzee aliwaeleza pia habari ya Becquerel, mufaransa, Paris, mwaka 1896. Aliweka chumvi ya uranium juu ya sahani ya foto iliyofungwa mu karatasi nyeusi, akaiacha mu saraka juu jua halikutoka siku zile. Alipoitengeneza, akakuta sahani imeshika alama, na mwangaza haikuingia. Hivyo njo watu walijua kama uranium inatoa kitu chenye macho hayaoni. Watoto wa Katanga wasikie hiyo habari mapema, juu Shinkolobwe haiko mbali na vitanda vyao.

Sasa niseme sababu yangu kubwa.

Sisi watu wa migodi tumepigwa picha sana. Tangu Union Minière ianze mwaka 1906 mapicha yalipigwa: wafanyakazi wamejipanga, kambi safi, mama wakipima watoto wachanga. Picha nzuri, lakini aparei ilikuwa mu mukono ya kampuni, na kampuni njo ilichagua nini kionekane. Leo wanakuja wengine, waandishi wa inje, wanatafuta mutoto mwenye tope akibeba mufuko. Sisemi wanadanganya. Yule mutoto iko, na sisi wenyewe wa sendika tunapigana ili atoke pale, maana sheria inakataza mutoto chini ya miaka 18 afanye kazi ku mugodi. Na picha ya mugeni inaweza kusaidia kweli. Mwaka 1904 mumisionari mwingereza, mama Alice Seeley Harris, alipiga picha ya Nsala ameketi mbele ya mukono na muguu wa binti yake vilivyokatwa, mambo ya mpira ya Leopold. Picha kama hizo zilisaidia dunia kujua, na mwaka 1908 Leopold akanyanganywa Kongo. Lakini muliza swali dogo: Nsala alibaki na picha ya binti yake akiwa mzima? Hiyo njo picha ninayoitafuta mimi.

Mulubumbashi mwenzetu, Sammy Baloji, aliyezaliwa 1978, aliona jambo hili mbele yangu. Mwaka 2006 alitengeneza picha zake zinazoitwa "Mémoire": alikata watu mu picha za zamani za wakati wa koloni, akawaweka juu ya picha zake mwenyewe za maizini yaliyokufa. Wafanyakazi wale wa zamani wakasimama tena mu kazi yao, na izini nyuma yao imekuwa kutu. Leo kazi yake inaonyeshwa Ulaya na Marekani. Mimi ninafikiri paka hili: yeye alilazimika kutafuta wazee wetu mu arshive ya kampuni, juu mu nyumba zetu hawakuwako.

Na mahali kwenyewe panaenda. Niko Kolwezi, kwa hiyo ninasema ya Kolwezi. Muangalie Kasulo. Mwaka 2014 watu wakagundua cobalt chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mu salon na mu jikoni. Mwaka 2017 watu wa sehemu moja wakahamishwa, nyumba zikavunjwa, ukuta ukajengwa, ikawa mugodi. Mutoto aliyezaliwa pale iko na miaka kumi na kitu sasa. Ukimuuliza mulango wa nyumba yao ulikuwa unaangalia wapi, atakuonyesha ukuta. Shimo likikaribia kartie ingine kesho, ninataka watoto wa kartie ile wawe wameshapiga kila lupangu, kila mwembe, kila bomba ya maji. Na delege wa sendika ndani yangu anaongeza: siku ya kuhesabu malipo ya nyumba iliyopasuka, negatifu yenye tarehe ni shahidi ambaye anaogopesha kuliko picha ya simu, ambayo kila mutu anajua inaweza kubadilishwa kwa kidole.

Wengine wamefanya hivi mbele yetu, na walikuwa watu wa migodi sawa sisi. Ku Marekani, mu milima ya Kentucky, katika wilaya ya Letcher, watu waliishi kwa makaa ya mawe. Mu miaka ya 1970 mwalimu mmoja, Wendy Ewald, alifundisha watoto wa pale kupiga picha, tena na kuzitengeneza wao wenyewe mu giza ku masomo. Wapiga picha wengi walikuwa wameshapita pale kuonyesha umaskini wa milima ile. Yeye akaambia watoto: pigeni familia yenu, pigeni wanyama wenu, pigeni nyinyi wenyewe, pigeni hata ndoto zenu. Mwaka 1985 picha zile zikatoka mu kitabu, "Portraits and Dreams". Ndani muna umaskini, hakuna aliyeuficha. Lakini muna pia mutoto anayecheza kufa juu ya mti, na mambo ambayo mugeni hangejua hata kuyauliza.

Kwetu tumeshafika ku pelikile. Muzee alitoa aparei zake mbili, ingine tuliinunua kwa mutu. Pelikile moja iko na picha 36, inatoka inje ya inchi, ni bei. Kwa hiyo watoto sita wanagawana moja, kila mutu picha sita. Wazazi wanafikiri hiyo ni shida. Mimi nimeona ni masomo. Binti mmoja wa miaka 12 alitembea na aparei siku mbili bila kupiga hata moja. Nikamuuliza, akasema: "Ninangojea mama arudie." Mama yake anasafisha mawe ku mto, anarudi jioni. Akampiga ameketi ku kizingiti, anavua viatu, mikono nyeupe ya vumbi, anaangalia mutoto wake kwa uchovu na kwa kuchekesha kidogo. Hiyo picha iko ku ukuta wa sale yetu. Mama alikuja kuiona. Alisimama mbele yake muda murefu, kisha akasema paka: "Kumbe ninafananaka hivi." Akaomba ingine ya kutuma kwa dada yake Kamina. Kwa negatifu, ingine ni dakika kumi.

Masharti yetu ni makali. Hakuna mutoto anapeleka aparei ku mugodi, wala karibu na barière, wala mbele ya askari. Kila mutu wa hapa anajua juu ya nini. Hakuna kupiga mutu bila kumuomba. Dawa haiingie jikoni, mabeseni ya dawa hayarudie kuwa ya chakula, na watoto wanavaa glavu. Chini ya miaka tisa, mutoto anapiga na kopo lakini haguse dawa.

Sasa wenzangu wa sendika. "Tunaomba mushahara, wewe unaomba pelikile. Batoto bataenda kula mafoto?" Mwenzangu aliyesema hivyo ninamuheshimu, na watoto wake wako na njaa ya kweli. Sijibu kama picha inashibisha. Ninajibu na hesabu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kampuni iweke angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mugodi. Mu mahesabu ya feza hiyo, mumeshaona chumba cha watoto? Ninaona masomo yenye rangi mupya ku ukuta na hakuna kitu ndani. Ninaona pia, siku ya kufungua, mupiga picha wa kampuni amekuja na aparei kubwa, watoto wamepangwa kwa urefu, wameambiwa washangilie. Karatasi mia moja za foto, ukizikata nusu ni picha 200 za kopo. Mabeseni, dawa, torshi, stoo yenye blanketi: ni kidogo kuliko chakula cha ile sherehe ya kufungua. Haitaondoa hata franka moja ku mushahara wa mutu, juu feza ile haiko ya mushahara. Iko ya watoto kwa sheria. Tusipoiomba sisi, wengine watatuambia tunahitaji nini.

Na wale wanaosema pelikile imekufa ku Ulaya: haikufa. Ilford ingali inatengeneza pelikile nyeusi-na-nyeupe Uingereza, na Kodak, ingawa ilianguka mu deni mwaka 2012, ingali inatengeneza Marekani. Vijana wa kule wanainunua tena. Lakini hata ikifa kweli, kopo na karatasi vitabaki, na kitundu cha sindano hakina kiwanda.

Jambo hili litaingia mu mukutano wa komite mwezi ujao, na mimi njo nitalisema. Baba na mama wanaokubali, waje wakae nyuma tu, wasiseme kitu. Wenzangu wahesabu vichwa. Na tangu leo, wamama, makopo ya maziwa msiyatupe. Makubwa, ya bati, yasiyo na kutu. Kifuniko chake pia, juu kopo bila kifuniko muzuri inaingiza mwangaza na hatuwezi kuifanyia kitu. Leteni ku sale siku ya posho asubuhi, mbele ya saa tatu. Binti yangu njo anayapokea ku mulango, iko na kaye ya kuandika majina.